Nilivyokwenda Taveta Kutafuta Jike la Plagi

Tangu nirudi nimesimuliwa safari yangu na watu watatu ambao hawakuwepo. Wa kwanza alisema nilikwenda Kenya kununua ng'ombe. Wa pili alisema nilikwenda kuoa. Wa tatu ni mzee wa kanisa na hupenda kupatanisha watu, akasema huenda nilikwenda kwa yote mawili. Kwa hiyo nimekaa mezani niandike, ili ninyi rafiki zangu mnaouliza mpate jibu moja, na wale wenye majibu yao waendelee nayo.

Kwanza jambo lenyewe. Mwalimu Anansia, binti wa baba yangu mdogo, anafundisha hesabu katika shule iliyo chini ya kijiji chetu. Miguu yake haimbebi tangu ajali ya miaka mitatu iliyopita. Kila asubuhi wanafunzi wa darasa la saba walimteremsha shuleni kwenye kiti, na kila alasiri wakampandisha nyumbani. Kuna mtu akalalamika, na ikaja barua. Ilisema kwamba Jumatatu ya kufungua shule Mwalimu athibitishe mbele ya afisa wa elimu kwamba anaweza "kufika kazini na kurudi nyumbani bila kubebwa na wanafunzi", vinginevyo atapumzishwa. Neno hilo nalijua. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kahawa kule Moshi mpaka kiwanda kilipompata mwekezaji, na mwekezaji akawapata watu wake. Nilipumzishwa, na tangu siku ile sijapumzika.

Rafiki mmoja Mjerumani, aliyewahi kukaa kwa Anansia enzi za ujana wao, alikuwa amemtumia kigari cha umeme cha marehemu kaka yake. Kina magurudumu matatu, kiti kimoja na paa la plastiki. Habari za bandarini sitazieleza. Itoshe kusema kigari kilifika na waya wake wa kuchajia haukufika. Betri zilikuwa na umeme kidogo, lakini kamati ya mapokezi ilikiendesha kigari kuzunguka uwanja wa kanisa, mjumbe mmoja baada ya mwingine, mpaka kikasimama mbele ya katibu, ambaye alikuwa hajapata zamu yake. Katibu hajawasamehe wenzake mpaka leo, ingawa walimpelekea masale, majani ambayo kwetu hushikwa na mwenye kuomba msamaha. Kigari kikasukumwa na kulazwa kwenye banda la ng'ombe nyumbani kwa Anansia. Banda lilikuwa tupu, kwa sababu ng'ombe wao alikufa mwaka uliotangulia.

Mahali pa kuchajia ni tundu la duara, la buluu, lenye pini tatu ndani. Mafundi umeme huita upande wenye pini dume, na upande wenye matundu jike. Upande unaoleta umeme lazima uwe jike, ili pini zenye moto zisibaki wazi mtu akazigusa. Kwa hiyo dume tulikuwa nalo, likiwa limeungwa kwenye kigari. Kilichokosekana ni jike. Naomba sentensi hiyo muikumbuke vizuri kuliko ilivyokumbukwa Masama.

Kutoka Masama hadi Boma Ng'ombe

Niliondoka Jumanne, zikiwa zimebaki siku sita. Nilikuwa nimepima zile pini kwa vanie yangu, kipimo cha chuma ambacho ndicho kitu pekee nilichotoka nacho kiwandani kwa halali, na vipimo nikaviandika kwenye daftari. Halafu, kwa kuwa wenye maduka hawapendi kusoma daftari la mtu, nilichukua kipande cha sabuni ya mche, nikakilainisha kwa maji ya moto, nikakikandamiza kwenye lile tundu. Kikatoka na alama safi kabisa, matundu matatu, moja likiwa nene kuliko mengine. Nikakifunga kwenye gazeti.

Nilipata nafasi kwenye pikapu ya maziwa. Pikapu ya maziwa haina haraka. Husimama kwenye kila geti, dereva anashuka, anatumbukiza kipimo chake kwenye ndoo, anakitazama, kisha anamtazama mwenye ndoo. Mwenye ndoo anaapa kwamba ng'ombe wake amekunywa maji mengi. Dereva anamwambia kwamba hilo hata yeye ameliona. Haya yalirudiwa mara kumi na nne. Nilihesabu, kwa sababu nilikuwa sina kazi nyingine, na kwa sababu niligundua kwamba wenye mageti mapya ya chuma ndio waliokuwa na ng'ombe wenye kiu zaidi.

Moshi

Zamani duka la Moshi lilikuwa na kaunta ndefu na bidhaa moja. Sasa biashara ni huria, duka lina bidhaa elfu na ile unayoitaka haimo. Ila zamani mwenye duka alikuwa anakuambia hamna. Siku hizi anakuuzia kitu kingine.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuomba plagi ya gari. Duka la kwanza waliniletea plagi nne za injini ya petroli, mpya, kwenye boksi. Duka la pili nikajitahidi kuwa wazi zaidi.

"Nataka plagi ya gari la umeme," nikasema.

"Magari yote yana umeme, mzee wangu," akajibu kijana wa kaunta. "Lako aina gani?"

"Halina injini."

Akanitazama kwa huruma. "Basi anza na injini, mzee. Plagi utakuja kuzichukua baadaye."

Duka la tatu niliamua kutosema neno. Nilifungua gazeti na kuweka sabuni juu ya kaunta. Mwenye duka, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitazama sabuni, akazitazama zile alama, kisha akamwita mlinzi. Nilikuwa sijui kwamba wezi wa mjini huchukua alama za funguo kwenye sabuni. Mlinzi aliniuliza ni mlango wa nani. Nikasema ni wa Mwalimu Anansia, nikimaanisha kigari. Jibu hilo halikunisaidia.

Aliyeniokoa ni Fundi Shirima, ambaye wengine mnamkumbuka kutoka kiwandani. Alikuwa anasuka upya mota zote za mashine za kukoboa. Siku hizi anakaa kibarazani kwa duka lile lile na kusuka mota za mashine za unga. Alimwambia yule mama kwamba mimi nimetunza stoo miaka kumi na tisa bila kupoteza hata msumari, na kwamba mtu wa namna hiyo hana akili ya kuiba. Kisha akachukua sabuni, akaigeuza mara moja tu, akasema hiyo ni plagi ya magari ya kulala, yale ambayo Wazungu huyavuta nyuma ya magari yao wakitembea. Moshi hutaipata. Lakini liko gari moja la hivyo limeachwa kwa Fundi Mwadime, Taveta, nyuma ya gereji yake, na yeye Shirima ameliona kwa macho yake.

Saa tatu nzima nilikuwa nimetembea mjini, na jibu lilikuwa limekaa kibarazani pa duka la tatu. Nilimshukuru, nikaelekea stendi.

Himo

Nililala Himo kwa shemeji yangu, mke wa kaka, ambaye hukubali mgeni kwa sharti moja tu, kwamba ale mpaka yeye aridhike. Jioni alipika machalari, ndizi na nyama, sufuria ya watu wanane, na tulikuwa watatu. Alinieleza habari za magendo ya mahindi kwa ufasaha ambao ungemfaa mtu wa forodha, kisha akaniuliza mimi ninavusha nini. Nikamwambia sivushi, nafuata. Akasema ndivyo wote wanavyosema.

Asubuhi nilikuta shati langu limefuliwa, limepigwa pasi na limetundikwa mlangoni. Nikaguswa sana. Kisha nikatafuta lile gazeti.

"Sabuni yako nimeitumia yote, shemeji," akasema. "Ilikuwa imetobolewa na panya. Nikaona haifai kutembea nayo mtu mzima."

Sikuweza kumlaumu. Shati lilikuwa halijawahi kuwa jeupe namna ile. Lakini tangu hapo nikawa sina umbo la kuonyesha, nina daftari na mdomo tu. Mdomo wangu ndio uliowafikisha Masama pale walipofika.

Taveta

Kutoka Holili nilivuka kwa baiskeli, nimekaa nyuma kwenye kigoda cha sponji, mwenye baiskeli akinieleza kwamba upande ule watu ni wajanja na upande huu ni wapole. Nikamuuliza yeye ni wa upande gani. Akasema inategemea abiria anatoka wapi.

Fundi Mwadime nilimkuta chini ya lori. Alitoka miguu kwanza, mtu mrefu, mwembamba, wa makamo yangu. Nilimsalimia, nikaepuka neno plagi, nikamwambia moja kwa moja kwamba nina dume la pini tatu, la duara, la buluu, na natafuta jike. Hakuuliza swali. Alijifuta mikono, akanipeleka nyuma ya gereji. Ni faraja kubwa, baada ya siku mbili za maelezo, kuongea na mtu mwenye lugha yako.

Gari la kulala lilikuwepo, jeupe zamani, magurudumu yamezama ardhini. Mwenyewe aliliacha likatengenezwe ekseli, akaahidi kurudi, na tangu wakati huo mti wa mpapai umeota mbele ya mlango wake. Fundi akaukwepa mpapai, akafungua, akaonyesha kwa kidole. Kwenye kona, waya mnene ulikuwa umezungushwa duara kama kata ya kubebea ndoo. Kwenye ncha yake niliona jike, la buluu, matundu matatu, moja nene. Nilifungua daftari, nikatoa vanie, nikasogea.

Juu ya waya alikuwa amelala kuku.

"Huyo ni wa mama," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Hapo mimi sina usemi."

Mkewe, Mama Mkawasi, alikuja akiwa ameshika upawa. Nilimweleza hali yote, barua, Jumatatu, miguu ya Mwalimu. Alisikiliza vizuri, akasikitika kwa dhati, akaniuliza kama Mwalimu ameolewa. Kisha akasema kuku haondoki. Nilipendekeza tumhamishie kwenye kikapu pamoja na mayai yake. Akanieleza kwamba kuku akihamishwa anasusa, na mayai yakisuswa yanaoza, na kwamba huyu amebakiza siku tatu, kwa sababu tarehe ameiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa gari. Nikaitazama. Kweli ilikuwa imeandikwa, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mimi nimefanya kazi kwa kuandika tarehe za mizigo, na sijawahi kumpinga mtu mwenye kumbukumbu iliyoandikwa.

Ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Siku tatu zingenifikisha Jumamosi. Ilibaki nafasi, lakini ilinipasa kupeleka habari nyumbani, maana nilijua Anansia hali wala halali. Sokoni nikampata Mama Eliamini, jirani yetu wa Masama, aliyekuwa ameuza ndizi zake na anafunga kamba. Nikamwambia maneno haya, na nayaandika kama nilivyoyasema: "Mwambie Mwalimu jike limepatikana, linafaa kabisa kwa dume lake. Nalingoja kidogo huku, Jumamosi nakuja nalo."

Mama Eliamini akauliza ni la aina gani. Nikasema la Kizungu. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa.

Siku tatu za Taveta sitazirefusha. Nilimpangia Fundi spana zake kwa ukubwa, kazi ambayo haikuwahi kufanywa, na siku ya pili alizitafuta asubuhi yote kwa sababu zilikuwa mahali pake. Tulikula kimanga, muhogo na maharage yaliyopondwa pamoja. Nilisema kwamba kwetu kipo chakula kama hicho, cha ndizi na maharage, tunakiita kiburu. Mama Mkawasi akasema basi na sisi tunapika vizuri, ila tumekosea muhogo. Kila baada ya chakula nilikwenda kumwangalia kuku. Naye alinitazama kwa jicho moja, kama yule mama wa duka la Moshi.

Jumamosi alfajiri nikasikia sauti ndani ya gari la kulala. Mayai kumi na moja, vifaranga tisa. Mama Mkawasi akawatoa mwenyewe, mmoja mmoja, akawaweka kwenye kapu, na mwisho akanikabidhi waya, akiupangusa kwa kanga yake. Fundi hakutaka kitu, lakini niliona jinsi siku zote tatu alivyokuwa akiitazama vanie yangu. Nikamwachia. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa ameishika kwa mikono miwili, akipima vitu vya njiani.

Kizuizi

Mpakani nilipita bila shida. Shida niliipata mbele zaidi, kwenye kizuizi cha njiani ambacho sitakitaja, kwa sababu bado nitapita pale. Kulikuwa na meza mbili chini ya turubai. Kwenye meza ya kwanza kijana mwenye kalamu aliniuliza nimebeba nini. Waya ulikuwa ndani ya mfuko. Nilichoka kusema plagi na kuletewa injini. Nikamjibu kitaalamu, jike moja. Akaandika: *Jike, 1*. Akagonga mhuri, akaniambia nenda meza ya pili.

Meza ya pili ilikuwa ya mifugo.

Bwana mifugo alikuwa mtu wa makamo, mstaarabu, mwenye koti jeupe. Aliomba cheti cha chanjo. Nikafungua mfuko, nikamwonyesha. Aliinama, akalitazama jike pande zote, akakubali kwamba ni kitu cha umeme.

"Lakini karatasi inasema jike," akasema.

"Arekebishe yule kijana."

"Karatasi ikishapigwa mhuri hairekebishwi, mzee. Mimi hapa sikagui mzigo. Nakagua karatasi."

Tukarudi kwa kijana. Kijana akasema yeye ameandika alichoambiwa, na ni kweli. Tukakaa. Foleni ikakua nyuma yetu, mama mmoja mwenye mbuzi halisi akaanza kuuliza kwa nini wa kwangu amekaguliwa kabla ya wake wakati haonekani. Nusu saa ikapita. Mwishoni bwana mifugo akavuta fomu, akaijaza kwa mwandiko mzuri sana, akanisomea ili nisiseme sikuelewa. *Jike moja limekaguliwa. Halina dalili za ugonjwa wa miguu na midomo. Liruhusiwe kuendelea.* Kwenye sehemu ya rangi aliandika buluu. Fomu hiyo ninayo, na mwenye shaka aje aione.

Masama

Nilifika Jumamosi jioni, mwanga bado upo. Kabla sijaingia kwa Anansia niliona majani mabichi yamefungwa mizigo mizigo kando ya njia. Nikaona banda limefagiliwa, hori limeoshwa, kamba mpya imening'inizwa. Majirani walikuwa wamekaa uani na mama mdogo, mama yake Anansia, alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Kigari hakikuwepo, wala Anansia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu." Akachungulia nyuma yangu. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Jike."

Nikafungua mfuko, nikautoa waya. Mama mdogo alikaa chini polepole. Baba Elia, jirani wa mpaka wa chini, ambaye ndiye aliyekata yale majani yote, aliutazama waya mpaka mwisho wake, kisha akauliza, kwa upole kabisa, unakamuliwa upande gani.

Ndipo nilipoelezwa. Mama Eliamini alikuwa amefikisha ujumbe bila kuacha neno. Jike, la Kizungu, linafaa kwa dume, linakuja Jumamosi. Mama mdogo aliusikia ujumbe huo kama ungesikiwa na mtu yeyote wa mteremko huu, kwamba nimempatia Anansia mtamba wa maziwa, na dume ni lile la Baba Elia, ambalo amekuwa akilisifia miaka yote. Labda nimeona kigari hakitafaa, nikaamua kumwandalia binti riziki nyingine akipumzishwa. Walinisifu kwa busara ambayo sikuwa nayo. Anansia peke yake ndiye aliyesema kwamba maneno yale yana maana nyingine. Hakusikilizwa, kwa kuwa mtu mwenye majonzi haaminiki.

Mtamba anahitaji banda, na bandani kulikuwa na kigari. Ijumaa wakaamua kukitoa. Anansia akakaa ndani ashike usukani, wanaume wanne wakasukuma mpaka barabarani. Kuna kijiti cha kuachia gia, ili kigari kisukumike. Baba Elia alikivuta ili wakigeuze kuelekea ukutani, na akasahau kukirudisha. Kigari kikageuka kweli, lakini kikaelekea chini.

Barabara yetu mnaijua. Kikapita kanisa, kikapita mashine ya kusaga, wanaume wanne nyuma yake, na kisha wawili. Anansia aliniambia baadaye kwamba alipata nafasi ya kusalimia wazee watatu tu, na mmoja alimwitikia akiwa tayari yuko mbali. Breki ya mkono ilishika kiasi cha kupunguza mwendo. Kilisimama chenyewe kwenye uwanja wa shule, mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, ambapo ni tambarare. Walipofika wakitweta na kutaka kumbeba kumrudisha, alikataa.

"Nimefika mwenyewe," aliwaambia. "Nusu ya barua imekwisha. Mleteni kaka na jike lake nimalize nusu nyingine."

Akabaki kwa mke wa mwalimu mkuu, nyumba iliyo hapo hapo shuleni.

Kutoka shuleni hadi nyumbani

Hatua hii ni fupi, mtu mzima huipanda kwa dakika ishirini na tano, lakini ndiyo iliyokuwa safari yenyewe.

Jumapili niliteremka shuleni, nikafunga plagi ya kawaida ya pini bapa kwenye ncha ya pili ya waya, nikalijaribu jike kwenye dume. Likaingia kwa mlio mdogo, kama limezaliwa humo. Hakuna kilichotokea, kwa sababu umeme ulikuwa wa mgao na siku ile haikuwa yetu. Tukalala na wasiwasi. Jumatatu saa tatu asubuhi umeme ulirudi, na taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye kigari. Anansia aliiona kupitia dirisha la darasa, akageukia ubao, akaendelea na sehemu na asilimia.

Afisa alikuja saa nne, kwa gari la ofisi, viatu vinang'aa. Alikuwa mtu mwenye mwili, mwenye haraka, na aliomba chai. Mwalimu mkuu akamweleza kwamba ofisi ina soketi moja, na soketi hiyo inatumiwa na Mwalimu Anansia. Afisa akafuata waya kwa macho, kutoka ukutani, kupitia dirishani, mpaka kwenye kigari. Akauliza kama kufika amefika. Akaonyeshwa kwamba yuko darasani. Akatoa fomu ili aondoke.

Hapo mwalimu mkuu, ambaye ni mtu mpole na sijui siku ile aliingiwa na nini, akamkumbusha kwamba barua inasema *na kurudi*. Bila kushuhudia kurudi, fomu itakuwa na pengo. Na kigari hakitakuwa tayari kabla ya saa kumi.

Afisa alibaki. Wenye umri wa kukumbuka wanasema haijawahi kutokea afisa kukaa shuleni kutoka saa nne hadi saa kumi. Aliona darasa la pili likisoma chini ya mti kwa sababu ya paa. Aliona choo. Alikula mtori, akaomba tena. Dereva wake, alipoona mambo yanakawia, alichukua gari kwenda Machame kutafuta ndizi za bei nzuri, na saa kumi ilipofika alikuwa hajarudi.

Kwa hiyo afisa alipanda kwa miguu.

Anansia alichomoa jike kwa mkono wake, akanikabidhi, akawasha. Kigari kikalia kama nyuki ndani ya chupa na kikaanza kupanda, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Nusu ya shule ilifuata. Nilitembea kando nikiangalia mshale wa betri. Kwenye mashine ya kusaga ulikuwa katikati. Kwenye kanisa, chini ya katikati. Kwenye kona ya juu, ile yenye mawe, kigari kilipunguza mwendo mpaka nikadhani kimesimama, na Anansia, bila kugeuka, akasema, "Usiniguse, kaka." Sikumgusa. Kikaivuka kona, kwa kishindo kidogo, kikaingia getini kwao na kusimama mbele ya banda.

Afisa hakuwepo.

Tulimwona baada ya muda, chini ya ile kona, amekaa juu ya jiwe, viatu mkononi. Nilimwona akijaribu kusimama, akakaa tena. Wanafunzi wawili wa darasa la saba, wenye uzoefu wa njia ile, wakamshika mmoja huku na mmoja huku, mwalimu mkuu akasukuma mgongo. Hivyo ndivyo alivyoingizwa getini. Anansia alikuwa bado ndani ya kigari, ametulia. Akamkaribisha, akaomba aletewe maji.

Alipokwisha kunywa maji afisa alitafuta mahali pa kuandikia, akatumia paa la kigari. Aliandika kwamba Mwalimu amefika na amerudi bila kubebwa na wanafunzi, akatia sahihi, akatukabidhi nakala. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama wale vijana wangeweza kumteremsha.

Vijana wakamtazama Mwalimu. Mwalimu akaisoma fomu mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha hesabu.

"Kwenda na kurudi, afisa," akasema. "Utaratibu ndio huo."

Aliteremka mwenyewe, peku, polepole, akishika masale ya kando ya njia.